UZI: Potifolio ya miradi ya teknolojia isimamiwe kama ya biashara nyingine yoyote, au ina mambo yake?

mpanga_miradi (mleta uzi)

Wakuu salaam. Huu mjadala wa potifolio, yaani orodha nzima ya miradi mnayoichagua na kuigharamia kwa pamoja, unarudi kila msimu wa bajeti na kila mara unaishia njiani. Watu wa fedha wanasema mradi ni mradi, weka gharama, weka faida, weka hatari, panga kuanzia juu kushuka chini, hela ikiisha piga mstari, walio chini ya mstari wasubiri mwakani. Watu wa mifumo nao wanasema mambo yetu hayapangiki hivyo, halafu wakiulizwa kwa nini wanaanza stori za sava na leseni mpaka bodi inachoka kusikiliza. Mimi nimekaa pande zote mbili za hiyo meza, leo naweka msimamo wangu wazi, mwenye hoja aje anipinge.

Lengo ni lile lile, hela na watu waende panapoleta thamani kubwa kwa hatari mnayoimudu. Hapo hakuna tofauti na mtu asikudanganye. Tofauti iko kwenye vitu vyenyewe mnavyovipanga. Miradi ya teknolojia imeshikana kwa chini, na haiishi siku inapokabidhiwa. Ukiipanga kama vile kila mmoja unasimama kivyake utapata orodha safi kwenye karatasi na mwaka mbovu kazini.

Nianze na hilo la kushikana. Hesabu ya potifolio tuliikopa kwa watu wa hisa, Harry Markowitz aliiandika mwaka 1952 na mwaka 1990 akapata Nobel ya uchumi. Wengi wanadhani alichosema ni usiweke hela zote sehemu moja, hilo hata wafanyabiashara wa zamani walilijua. Yeye alionyesha kwamba hatari ya jumla inategemea sana hivyo vitu vinapanda na kushuka pamoja kiasi gani. Ukiwa na hisa kumi zinazoanguka siku moja umenunua kitu kimoja mara kumi. Sasa angalia fomu za kupitisha miradi kwenye makampuni mengi, kuna safu ya hatari ya kila mradi, kubwa, ya kati, ndogo, lakini hakuna safu hata moja inayouliza mradi huu ukikwama unakwama na nani.

Chukua miradi 5, kila mmoja una uwezekano wa asilimia 80 kumalizika kwa wakati. Kama haihusiani, tegemea 4 imalizike, na uwezekano wa yote 5 kuchelewa ni kama mara 3 katika 10,000, yaani hata usipoteze usingizi. Sasa sema yote 5 inangoja databesi mpya ya wateja ikamilike kwanza, na hiyo databesi ndiyo yenye asilimia 80. Wastani haujabadilika, bado ni 4 kati ya 5, ripoti kwa bodi itasomeka vilevile. Lakini uwezekano wa yote kuchelewa kwa pamoja umekuwa asilimia 20. Namba ile ile kwenye ripoti, hatari tofauti kabisa, na hakuna aliyedanganya, ni kwamba fomu haikuuliza.

La pili ni hili la kutoisha. Jengo ukilimaliza lina matengenezo, sawa, lakini mfumo ukiumaliza ndipo unaanza kula. Leseni, sapoti, apdeti za usalama, watu wa kuuangalia usiku, kuunganisha na mifumo mingine inayobadilika. Fanya hesabu ya haraka, bajeti ya teknolojia ni 100 na haiongezeki. 60 inaendesha vilivyopo, 40 ni ya miradi mipya. Kila unachojenga kinadai asilimia 20 ya gharama yake kila mwaka ili kiendelee kuishi. Mwaka wa kwanza unajenga kwa 40, mwakani uendeshaji unapanda kuwa 68, ya miradi mipya inabaki 32. Mwaka unaofuata 25.6. Halafu 20.5. Hujafeli mradi hata mmoja, yote imemalizika vizuri na watu wamepigiwa makofi, na uwezo wako wa kufanya jipya umekatika karibu nusu. Ndiyo maana potifolio ya teknolojia isiyo na orodha ya vitu vya kuzima ni nusu potifolio.

Nawasikiliza.

hesabu_kwanza

Mkuu umeandika vizuri ila nakupinga, tena kwa nguvu. Yote uliyoyasema yapo kwenye biashara nyingine. Kiwanda chenye mashine moja kubwa, bidhaa zote zinaingoja hiyo mashine, ikiharibika zote zimelala. Kampuni ya dawa inapoteza mabilioni kwenye dawa zinazofia kwenye majaribio. Barabara na reli zina gharama za kuendesha miaka 50. Hata BCG, wale washauri wa biashara wa Boston Consulting Group, walipotoa jedwali lao mwaka 1970, lile la kugawa biashara kwa ukuaji wa soko na sehemu yako ya soko, walikuwa wanajibu swali hilo hilo, wapi tuongeze, wapi tukamue, wapi tuachane napo.

Nikwambie ninachokiogopa, mkishakubali kwamba teknolojia ni tofauti, kinachofuata ni kamati yao wenyewe, lugha yao wenyewe, na bajeti ambayo hakuna mtu wa nje anaweza kuihoji. Nimeona kampuni ambapo miradi ya masoko inabanwa mpaka senti ya mwisho halafu mradi wa mfumo unapita kwa sababu fomu imeandikwa "ni lazima kitaalamu". Lazima kwa nani? Isipofanyika kinatokea nini na lini? Hakuna jibu. Kipimo kimoja kwa wote ndiyo haki.

fundi_wa_sava

Kaka hesabu_kwanza hilo la "ni lazima kitaalamu" nakuunga mkono, ni uvivu wa kuandika. Lakini usitupe yote. Hilo jedwali la BCG umelitaja mwenyewe tulitumie. Biashara isiyokua na isiyo na sehemu ya soko unaiuza au unaifunga, maisha yanaendelea. Sasa njoo kwangu, nina mfumo wa zamani sana, hakuna mteja anayeuona, hauingizi hata shilingi, ukiupa alama kwenye jedwali lolote unakuwa wa mwisho. Ila huo ndio unatengeneza namba za ankara. Ukiuzima, ule mfumo wenu unaoingiza hela nyingi kuliko yote hautoi ankara kesho asubuhi. Utauuza kwa nani? Utaufungaje? Kwenye biashara kitu dhaifu kinaweza kukatwa peke yake, kwetu mara nyingi kitu dhaifu ndiyo kimeshikilia kitu chenye nguvu.

Halafu kuna watu. Fungua ile Excel ya miradi ya mwaka, nenda safu ya wahusika. Utaona mradi wa kwanza "timu ya TEHAMA", wa pili "timu ya TEHAMA", wa tatu hivyo hivyo, inaonekana kuna jeshi. Ukiuliza nani hasa atahamisha data, nani atafungua njia kwenye mtandao, nani anajua zile jedwali za databesi zilizoundwa na mtu aliyeshaondoka, jibu ni mtu mmoja. Mmoja! Yuko kwenye miradi yote na hakuna karatasi yoyote inayosema hivyo. Bajeti ipo, ruhusa ipo, kila mradi una alama ya kijani, na wote wanamngoja yeye amalize likizo.

Na msiniambie muongeze hela mwajiri wengine. Fred Brooks alilisema hili miaka ya 70 baada ya kuongoza kazi kubwa IBM, mradi wa programu uliochelewa ukiuongezea watu unauchelewesha zaidi, kwa sababu wale wachache wanaojua wanaacha kazi ili wawafundishe wageni.

hesabu_kwanza

@fundi_wa_sava la mfumo wa ankara umenikamata kidogo, nakubali jedwali halimsaidii mtu hapo. Lakini suala la mtu mmoja anayengojwa na kila mtu ni la kiwandani vilevile, kizingiti ni kizingiti tu.

mpanga_miradi

@hesabu_kwanza mkuu nakubali, ni la kiwandani vilevile. Na hapo nadhani tunakaribiana. Kiwandani ile mashine inaonekana, ina foleni ya mali ghafi mbele yake, mkurugenzi akipita anaona magunia. Kwenye mifumo foleni haionekani, iko kichwani mwa mtu na kwenye barua pepe. Ndiyo maana fomu ya kawaida inatosha kwa kiwanda na haitoshi kwa mifumo, hata kama kanuni ni ile ile.

Ona inavyoathiri mpangilio. Timu moja, miradi miwili. A inachukua miezi 6 na kila mwezi inapochelewa unapoteza 10. B inachukua miezi 2, kila mwezi unapoteza 6. Kwa fomu ya kawaida A ina faida kubwa, inaanza. Hasara ya kungoja ni A miezi 6 mara 10 ni 60, B miezi 8 mara 6 ni 48, jumla 108. Ukianza na B, 12 kwa B na 80 kwa A, jumla 92. Na kile kinachofanyika sehemu nyingi, kuanza yote mawili kwa pamoja ili kila mkuu wa idara aridhike? B inaisha mwezi wa 4, A mwezi wa 8, jumla 104. Na hapo sijahesabu muda unaopotea mtu anaporuka huku na huku, ambao kwa waandishi wa programu si mdogo hata kidogo. Hela iliyotumika ni ile ile kwenye njia zote tatu. Mtu anayeangalia bajeti peke yake hawezi kuona tofauti.

dada_mkaguzi

Habari zenu. Naomba niingie upande wa vitabu na upande wa hatari maana naona vyote mmevigusa juu juu.

Vitabu kwanza. Kwa viwango vya kimataifa vya uhasibu, IAS 38, gharama ya utafiti inaenda moja kwa moja kwenye matumizi ya mwaka, ila gharama ya kuendeleza kitu ikitimiza masharti inawekwa kama mali na kugawanywa kwa miaka. Enzi za kununua programu na kuiweka kwenye sava zenu, mradi wa mfumo ulionekana kama mradi wa jengo, mali kubwa inayopungua thamani taratibu. Halafu klaudi ikaja, yaani kutumia kwa mtandao programu iliyo kwenye sava za mtu mwingine. Aprili 2021 kamati ya tafsiri ya IFRS, yaani ya hivyo viwango vya kimataifa, ikaweka wazi kwamba ukilipia programu ya klaudi ambayo huimiliki, gharama ya kuipangilia na kuirekebisha ikufae kwa sehemu kubwa ni matumizi, si mali. Maana yake miradi miwili inayofanya kazi ile ile, mmoja kwenye sava zenu na mmoja kwenye klaudi, inagonga faida ya mwaka kwa namna tofauti kabisa. Nimeshuhudia bodi ikichagua chaguo baya la kiufundi kwa sababu tu lilipendeza kwenye faida ya mwaka ule. Potifolio ya mchanganyiko isipolijua hili inalinganisha vitu visivyolingana na inaamini inatenda haki. Kwa hiyo kaka hesabu_kwanza, kipimo kimoja kwa wote sio lazima kiwe haki.

Sasa hatari. Bent Flyvbjerg na Alexander Budzier waliangalia miradi 1,471 ya teknolojia ya habari wakachapisha kwenye Harvard Business Review mwaka 2011. Wastani wa kuzidi bajeti ulikuwa asilimia 27, ambao ukiusikia hushtuki. Lakini mradi 1 kati ya 6 ulikuwa janga, hiyo kwa wastani ilizidi bajeti kwa asilimia 200 na ratiba kwa karibu asilimia 70. Hapo ndipo pa kuangalia. Ukitenga akiba ya asilimia 27 kwa kila mradi unadhani umejikinga, kumbe miradi mingi haitaihitaji na mmoja utaimeza yote na bado hautashiba.

Na hasara haibaki ndani ya mradi. Benki ya TSB kule Uingereza walihamisha wateja kwenda mfumo mpya Aprili 2018, wateja mpaka milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao, na Desemba 2022 wasimamizi wakawapiga faini ya pauni milioni 48.65. Mradi wa masoko ukifeli umepoteza hela ya masoko. Mradi wa kuhamisha mfumo ukifeli unaweza kusimamisha biashara ambayo ilikuwa inaenda vizuri bila huo mradi.

hesabu_kwanza

Dada mkaguzi hilo la akiba limeniingia. Sisi tunaweka asilimia ile ile kwa kila mradi, na kweli huwa inarudi kwa mingi halafu inaisha kwa mmoja. Basi nirekebishe hoja yangu, kipimo cha mwisho kiwe kimoja, lakini kabla ya kufika huko kila aina ya mradi iulizwe maswali yake. Hapo nitakubali. Ila kamati mbili sikubali.

mpanga_miradi

Na mimi kamati mbili sikubali mkuu, tena hili nalisema kwa uchungu. Sehemu mbaya kuliko zote nilizowahi kuziona ni zile ambapo bodi inapitisha "kuingia soko jipya" huku kwenye potifolio ya biashara, na kwenye potifolio ya teknolojia kazi inayohitajika kwa soko hilo imewekwa nafasi ya ishirini na kitu. Kila kamati imefanya kazi yake vizuri. Soko halijafunguliwa.

Wazo la kuangalia hatari ya miradi ya mifumo kwa jumla yake si la jana. Warren McFarlan aliliandika mwaka 1981, akataja vitu vitatu vya kuangalia, ukubwa wa mradi, uzoefu mlio nao na teknolojia yenyewe, na kiasi gani matokeo yanajulikana tangu mwanzo. Angalia hicho cha pili. Mradi ule ule, teknolojia ile ile, kwa kampuni moja ni hatari ndogo na kwa nyingine ni hatari kubwa, kwa sababu hatari inategemea watu ambao kampuni inao. Na ukiwa na miradi mitano yote inatumia kitu ambacho hakuna aliyewahi kukigusa, si hatari tano ndogo hizo. Marekani nao mwaka 1996 walipitisha sheria ya Clinger-Cohen, ikataka mashirika ya serikali kuu yachague, yafuatilie na yatathmini matumizi ya teknolojia ya habari kama uwekezaji.

fundi_wa_sava

Kitu kimoja hakijatajwa, tarehe. Mradi wa biashara ukiusogeza mwaka mmoja mara nyingi unabaki pale pale, labda mshindani amekutangulia. Wa kwetu unaoza. Windows XP sapoti iliisha 8 Aprili 2014, lugha ya programu ya Python 2 iliisha 1 Januari 2020, Windows 10 iliisha 14 Oktoba 2025. Hizi tarehe zilitangazwa miaka kabla, hakuna aliyeshtukizwa, na bado kila mara watu waliuweka huo mradi chini ya mstari kwa sababu faida yake ni sifuri. Ni kweli faida ni sifuri. Unalipa ili ubaki ulipo.

Kuna na zile zisizotangazwa. Desemba 2021 tundu la usalama kwenye Log4j, kipande cha programu kinachotumika ndani ya mifumo mingi, lilipojulikana hakuna aliyekuwa nalo kwenye mpango wa mwaka. Sisi tuliacha kila kitu, tukaanza kutafuta wapi hicho kipande kimejificha, na kazi kubwa haikuwa kukirekebisha, ilikuwa kujua kipo wapi. Wenye orodha ya mifumo yao iliyo sahihi walikuwa na kazi nyepesi, wasio nayo waliendelea kuvikuta vingine baadaye sana. Potifolio inayopangwa mara moja kwa mwaka ikajazwa mpaka asilimia 100 ya watu haina pa kuweka wiki kama zile.

mgeni_wa_bodi

Wakuu nimesoma uzi wote nashukuru sana. Nimekabidhiwa orodha ya miradi mchanganyiko, mingine ya mifumo, mingine ya kufungua matawi, mingine ya masoko, na kikao ni mwezi ujao. Siwezi kubadilisha fomu nzima kwa muda huu. Nikiweza kuongeza vitu vichache tu, nianze na vipi?

mpanga_miradi

Karibu sana ndugu. Acha alama zilivyo, usigombane na mtu wa fedha mwezi huu.

Ongeza safu ya "unangoja nini", na usikubali jibu la idara, dai jina la mfumo au jina la mtu. Ukimaliza ipange orodha kwa hiyo safu badala ya alama, utaona majina yanayojirudia, na ndiyo hayo ya kupeleka kwenye kikao kama jambo la kwanza, kabla ya mradi wowote. Kama databesi moja inangojwa na miradi mitano basi hiyo databesi ipande juu ya yote mitano hata kama yenyewe haina faida, faida yake ni jumla ya wanaoingoja.

Safu ya pili, gharama ya kila mwaka baada ya kukabidhi, na nani atailipa. Iwekwe kwa miradi yote, ya matawi pia, ili mtu wa fedha aone hujapendelea.

Ya tatu, "unazima nini". Mradi wa mfumo mpya ambao hauzimi chochote uruhusu, lakini mwenye mradi asimame aeleze mbele ya kikao kwa nini mfumo wa zamani unabaki na mpaka tarehe gani. Hapo ndipo pana maneno mengi, jiandae, maana mara nyingi wa zamani unabaki kwa ajili ya ripoti moja ya mtu mmoja.

dada_mkaguzi

Naongezea, usigawe akiba kwa kila mradi. Iweke moja, juu, kwa potifolio nzima, na anayetaka kuichota aje mezani aeleze. Na hapo hapo kubalianeni mapema ni dalili gani zikionekana mradi unasimamishwa, ziandikwe kabla haujaanza, kwa sababu ukishakula hela nyingi hakuna mtu atakayekuwa na moyo wa kusema basi.

hesabu_kwanza

Mimi ndiye mtu wa fedha anayetajwa humu na hizo safu tatu nazipitisha. Ila ile ya "unangoja nini" ijazwe na mafundi wenyewe, sio wakuu wa idara, la sivyo utarudishiwa "timu ya TEHAMA" kwenye kila mstari.

mgeni_wa_bodi

Nimeelewa wakuu. Naanza na fundi wetu wa databesi kesho, nikishapata majina nitaileta hiyo safu hapa bila kutaja kampuni mnisaidie kuisoma.